Kulala Ndani ya Gari la Muema

Jumatatu, 13 Desemba 2004

Wamefika! Saa ya chai ya jioni gari likashuka mlima kutoka upande wa Kola, polepole, likiyumba kama mama mjamzito anayetoka kanisani. Watoto wote wa huku nyuma yake. Mbwa wangu naye nyuma. Msaliti.

Si gari la kawaida. Muema ni welda huko Mavoko, ndiye anakaa na binti yangu Ndanu tangu kabla wajukuu wangu, Wayua na mdogo wake, hawajazaliwa. Alinunua lori kuukuu la kubeba watalii, akakata, akachomelea, akajenga nyumba mgongoni mwake. Madirisha yako na mapazia. Jiko la gesi. Sinki! Kila likizo wanazunguka nalo, mito na milima, wanalala popote penye nyasi. Wayua ananiambia wamewahi kulala karibu na viboko. Nikamwambia hata mimi hulala karibu na kiboko kila siku. Mwikali mke wangu akanitupia mwiko. Haukunipata.

Lakini gari halikuingia kwangu. Lilivuka mto pale kwenye mawe, likaegeshwa ng'ambo, kwa Mulwa. Kwa Mulwa, watu wangu! Huyu binamu yangu alilaza mzungu mmoja na mkewe kwenye hema mwaka juzi, na tangu hapo hatupumui. Alipigilia ubao kwenye mgunga, akaandika KEMPU, yaani kambi ya watalii. Akajenga choo cha mabati. Sasa anatembea mikono nyuma kama meneja.

Sababu naijua. Muema bado hajaleta mbuzi wa ntheo. Kwetu Ukambani, mpaka wale mbuzi watatu waletwe, baba wa msichana awapokee, mmoja achinjwe na aliwe, hakuna ndoa hapo, hata kama kuna watoto na sinki. Ndanu bado ni msichana wangu. Muema hawezi kulala bomani kwangu, na Mwikali akimwona njiani anaruka nyuma ya ghala, kwa adabu ya mama mkwe na mkwe kutoonana uso. Muema naye anaruka nyuma ya mti. Watu wawili wazima, kila mmoja amejificha, njia tupu katikati! Mbuzi wanaliwa Jumamosi. Ndiyo maana wamekuja.

Nilivuka kusalimia. Nikachungulia ndani.

Kitanda kiko kando ya dirisha. Juu yake paa lina tundu la kioo, unaona mawingu yakipita kama watu wanaoenda sokoni bila haraka. Dirishani kuna mto. Nyuma ya mto kuna milima, mmoja wa bluu, mwingine wa bluu kidogo, wa mwisho huwezi kusema ni mlima au ni moshi. Nilisimama hapo mpaka chai ikapoa mkononi.

Nilikuwa taniboi, msaidizi wa dereva wa lori, miaka mingi. Nimelala chini ya lori. Nimelala juu ya magunia ya simiti. Nimelala katikati ya ng'ombe wa watu. Lakini kulala ndani, kwenye godoro, milima ikitembea dirishani? Kamwe.

Lazima nilale humo. Mara moja tu.

Jumanne, 14 Desemba

Nilimuuliza Mwikali kwa kuzunguka. Nikasema, kuna mzee fulani wa Kalama alilala kwenye gari la mkwe wake, akaamka vizuri. Mwikali hakuzunguka. Akasema huyo mzee wa Kalama anamjua, amevaa fulana yangu. Ati mzazi kulala nyumbani kwa mkwe ni aibu, tena kwenye kitanda cha binti yake! Akauliza kama nimeanza kuoza kichwa.

Nikamwambia hiyo si nyumba, ni gari, lina namba nyuma na mbele. Akasema kitu chenye sufuria na pazia ni nyumba. Akaongeza kwamba kwa hesabu hiyo yetu ndiyo gari, maana haina pazia.

Nikaenda kuketi mtoni. Maji ni kidogo, yanapita juu ya mchanga yakijisemea. Mvua ya juzi imeacha harufu nzuri ya udongo. Pale ndipo akili ilinijia. Mkwe ni nani? Mkwe ni mtu ambaye umekula mbuzi wake. Mimi sijala. Kwa hivyo mpaka Jumamosi Muema si mkwe, ni welda mwenye gari. Kenya hii yote hakuna sheria inayokataza mzee kulala kwenye gari la welda!

Lakini mbuzi wakishaliwa, mlango umefungwa. Milele. Niko na siku chache tu.

Mulwa alikuja kunywesha punda wake. Sikuweza kunyamaza, akili nzuri ni kama chafya. Nikamweleza hesabu yote. Akasikiliza mpaka mwisho, hata akakaa chini. Kwa kawaida Mulwa hanisikilizi.

Jumatano, 15 Desemba

Siku mbaya. Naandika kwa hasira, kalamu imetoboa karatasi.

Mpango ulikuwa safi. Gari lazima liwe tupu mchana. Kwa hivyo asubuhi nikamwambia Wayua kwamba kule chini mto unapokata kona, sungura hutoka jua likiwa kali wakacheza duara mchangani, wengine wamesimama kwa miguu miwili. Mtoto akashika baba, baba akashika blanketi, Ndanu akafunga mikate. Wote wakaenda kuona sungura. Gari peke yake chini ya mgunga, mlango wazi, pazia likipepea kama linaniita kwa jina. Ndambuki, Ndambuki.

Nikavua viatu. Nikavuka. Nikanawa miguu, mimi si mshenzi. Nikapanda ngazi.

Nikasikia mtu anakoroma.

Mulwa! Mulwa mzima, amelala chali juu ya godoro, mikono kifuani kama chifu aliyekufa! Nikamtikisa. Akafungua jicho moja, akaniuliza kwa nini namwamsha mteja. Nikamwambia yeye ni baba wa ukoo kwa Ndanu kama mimi, hana haya? Akanijibu kwa maneno yangu mwenyewe. Hajala mbuzi. Hakuna mkwe. Huyu ni welda tu. Hata sauti aliiga yangu!

Akashuka na alama ya mto wa kulalia shavuni. Alitembea nayo mpaka jioni akimwonyesha kila mtu, hata Katekista. Anasema ukilala pale unasikia mto ukipita chini ya mgongo wako. Anasema aliota ana mbawa.

Sungura hawakuonekana. Wayua ameniambia walimwona kenge mmoja, hakuwa anacheza. Ati babu ni mwongo lakini pahali ni pazuri.

Alhamisi, 16 Desemba

Nimeamua. Kama siku hazitoshi, siku ziongezwe.

Baba wa msichana ana haki ya kukagua mbuzi. Nikavaa koti, nikachukua fimbo, nikaenda kwa Mulwa walipofungwa wale watatu wa Muema. Nikawazunguka. Nikawafungua midomo. Nikamwinua mmoja mkia, nikasema mmh. Jike la pili likanyanyuka likachechemea. Lilikuwa limekalia mguu wake tu, mguu umekufa ganzi, hata mimi hunipata kanisani. Lakini nikapiga fimbo chini. Nikasema mbuzi kilema haingii bomani kwangu. Mambo ya Jumamosi yangojee mpaka mwaka mpya, labda Pasaka.

Ndanu alikuwa akiosha sufuria pale kando. Akasema taratibu kwamba baba yake Muema ni mgonjwa huko Mwala, na ameomba kitu kimoja tu, asikie kabla ya Krismasi kwamba mbuzi wameliwa na wajukuu ni wake. Alisema, baba, mimi nimengoja miaka yote hii, naitwa mke wa Muema na majirani lakini nyumbani kwetu naitwa msichana. Halafu akaosha ile sufuria mara ya pili. Ilikuwa safi tangu mwanzo.

Niliangalia milima. Ilikuwa mizuri sana.

Muema akakohoa. Hawezi kuniangalia usoni kwa ile heshima ya wakwe, kwa hivyo aliongea na viatu vyangu. Akaviambia kwamba hakuna neno, kesho ataenda na gari mpaka Mwala, alete mbuzi mwingine mzima, na Jumamosi itabaki Jumamosi.

Hapo ndipo nikaona! Gari linatembea kesho. Na kitu kinachotembea hakiwezi kuwa nyumba, hata Mwikali hana jibu la hiyo. Nikaviacha viatu vijibu: baba wa msichana lazima aende achague mbuzi mwenyewe.

Muema alifurahi sana. Ndanu alinitazama muda mrefu. Sikuupenda ule utazamaji.

Ijumaa, 17 Desemba

Nitaandika kwa ufupi, kiuno kinauma.

Asubuhi nilifika mapema, nimebeba blanketi langu. Nikaenda moja kwa moja mlango wa nyuma. Muema akaona aibu kubwa. Mzee kukaa nyuma? Mzee wa heshima kama mimi? Akanifungulia mlango wa mbele. Akanifunga mkanda mwenyewe, akivuta kwa nguvu, akiongea na goti langu. Nikamwambia nimezoea nyuma, mimi ni taniboi. Akacheka kwa adabu, akadhani ni utani.

Mpaka Mwala nimekaa wima kama bendera.

Mbuzi tulipata. Jike jeupe, shingo nyeusi, macho ya dharau. Muema akafikiria, akasema mbuzi wa ntheo asichoke kabla ya siku yake. Akatandika gunia juu ya godoro. Akamweka kitandani! Akamfungulia pazia!

Tulirudi jua likilala. Barabara ilizunguka vilima, na kila kona bonde lilifunguka kama mtu anakunjua kanga mpya, mashamba, mitaro ya matuta, moshi wa jikoni za watu, mto huko chini uking'aa kidogo kidogo. Niligeuza shingo kadiri mkanda ulivyoruhusu. Yule mbuzi alikuwa amelala ubavu, kidevu dirishani, akitazama milima ikipita. Anacheua. Macho nusu yamefungwa.

Safari nzima mbuzi amelala na mimi nimekaa.

Nilipofika Mulwa aliniuliza kama godoro ni laini. Nikamwambia amuulize mbuzi.

Jumamosi, 18 Desemba

Asubuhi. Naandika nikiwa nimesimama.

Leo ndiyo leo. Wazee wa upande wa Muema wako njiani. Mwikali anapika muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharage, tangu kuku hajaamka na amenipigia pasi shati. Ndanu na watoto wameenda kuoga mtoni. Muema anapasua kuni kwa Mulwa.

Gari liko wazi. Mbuzi bado hawajaliwa. Kwa sheria, mimi bado ni mtu huru.

Naenda kuangalia tu.

Jumapili, 19 Desemba

Sikwenda kanisani. Nimeambiwa nisionekane kidogo.

Nililala! Wacha niseme hilo kwanza kabla ya matusi. Nilipanda, nikavuta pazia la kitanda, nikajinyoosha. Godoro lilinipokea kama deni la zamani lililosamehewa. Juu kwenye kioo wingu moja lilikuwa likijaribu kuwa ng'ombe. Mto ulipita chini ya mgongo wangu kweli, Mulwa hakudanganya, nasikitika kusema. Nikajiambia dakika moja. Nikaota nina miaka ishirini na lori halina mizigo.

Nikaamka milima inatembea.

Nilidhani nimekufa, na kwamba mbinguni ni Ukambani lakini na usukani mzuri. Miti inapita. Ua wa mtu unapita, nguo zimeanikwa, mama amesimama na karai kichwani, naye anapita. Gari linapanda kuelekea Kola, taratibu, likiimba kwa gia ya chini. Ndoto yangu yote, na mimi nimelala ndani yake!

Halafu nikasikia sauti mbele. Ndanu analia.

Alikuwa anamwambia Muema kwamba baba ametoroka. Wazee wamekaa, mbuzi wamefungwa, wametafuta shambani, mtoni, hata chooni kwa Mulwa, baba hayupo. Mwikali amesema labda nimepanda Kola kujificha kwa walevi wenzangu. Ndanu akasema alijua tangu Alhamisi. Baba hataki. Baba anaona welda si mtu. Muema akajibu polepole, lazima tutampata, mama Wayua, mzee si mtu mbaya, anapenda tu mchezo.

Nilikuwa niseme. Naapa nilikuwa nimefungua mdomo. Lakini gari likafika kwenye kona na bonde lote likafunguka, mvua ikining'inia upande wa mbali kama pazia la kijivu, jua upande huu. Nikajiambia, nitasema kona inayofuata. Kona inayofuata ilikuwa nzuri kuliko ile. Nikajiambia inayofuata.

Ndanu alikuwa bado analia. Nilisikia kila kitu. Kifua kilinibana, nilidhani ni muthokoi, lakini sikuwa nimekula.

Pazia likavutwa. Wayua. Alikuwa amekaa nyuma muda wote na mwanasesere wake. Akanitazama. Akapaza sauti kwenda mbele: babu yuko hapa kitandani, na ameamka kitambo.

Gari lilisimama katikati ya barabara. Ndanu aligeuka, machozi bado shavuni. Hakunipigia kelele. Ningependa angenipigia. Muema hakuweza kunitazama kwa heshima, na sasa hakuweza kunitazama kwa sababu nyingine pia. Alisoma kile kipimo cha petroli mpaka tukafika nyumbani.

Tulikuta harufu ya nyama. Wazee wa Mwala waliona wingu juu ya milima, wakaogopa mto utajaa wasiweze kuvuka. Basi Mulwa alisimama mahali pangu. Mulwa alipokea kamba za mbuzi. Mulwa alitamka maneno ya baba. Mulwa alikuwa ameketi kwenye kiti changu, mafuta kidevuni, akitafuna figo ambayo ni haki ya baba wa msichana!

Lakini akili yangu hailali. Nikasimama mbele yao, nikasema, sawa kabisa. Aliyepokea ni Mulwa, basi mkwe ni wa Mulwa. Mimi sijapokea kitu, nimelala kwenye gari la welda, kosa liko wapi? Wazee wakacheka mpaka mmoja akashikwa na kikohozi. Wakasema mkono wa binamu ni mkono wangu. Ntheo imekubalika, Ndanu ni mke wa Muema, watoto ni wa Muema, na habari iende Mwala Jumatatu. Mwikali akapiga kigelegele kutoka nyuma ya ghala. Ndanu akajifunika uso na kanga, mabega yakitetemeka, na safari hii haikuwa huzuni.

Na mimi? Wakauliza mbuzi alichinjwa saa ngapi. Mulwa akajibu haraka sana. Ikaonekana wakati kisu kinapita mimi nilikuwa bado kitandani. Kwa hivyo nusu ya usingizi nililala kama mtu huru, nusu nyingine kama baba mkwe! Hukumu: mbuzi mmoja wa kuondoa aibu, nimlete kabla ya Pasaka. Mpaka nilete, mimi ni mtu wa aibu, na sitakula sahani moja na Muema.

Usiku nilipewa muthokoi bila nyama.

Jumatatu, 20 Desemba

Wameondoka kwenda Mwala. Mto uliteremsha maji usiku, ukapungua alfajiri, ukaacha mchanga laini kama unga. Ukungu mlimani. Gari likapanda ndani ya ukungu likapotea, mlio wake ukabaki kidogo, halafu nao ukapotea.

Mulwa amekaa mbele kama balozi wa familia, mkanda umemkaza tumbo. Sasa ni baba wa ntheo, hatalala kwenye lile godoro tena maishani. Nilimpungia mkono kwa furaha.

Kabla ya kuondoka Ndanu aliniletea chai hapa nje. Alikaa karibu nami, mke wa mtu sasa, nikamwona ametulia usoni kama zamani akiwa mdogo. Akanipa ubavu mmoja aliouficha ndani ya kanga. Akasema, baba, ungeomba tu. Jumatatu ile ya kwanza ungesema unataka kulala kitandani, tungekulaza, sisi tungekaa kwenye hema. Hakukuwa na haja ya sungura wala ya mguu wa mbuzi.

Kuomba! Mtu mzima kama mimi! Nilimwambia nimesikia. Alinibusu mkono, akaenda. Ubavu ulikuwa mtamu sana.

Nimekaa mtoni tangu wakati huo, nikifikiri. Nilisoma mpaka darasa la tano tu, lakini hii hesabu ni rahisi. Wazee walisema mbuzi mmoja kwa aibu. Hawakusema kwa kila usingizi. Mbuzi bado sijamleta, kwa hivyo aibu bado iko, imekaa hapa, imenunuliwa tayari. Mtu aliye na matope mpaka magotini akikanyaga matope tena, nani ataona tofauti? Nikilala mara nyingine kabla ya Pasaka, ni aibu ile ile, mbuzi yule yule. Hata mara mbili. Kulipa mapema ndiyo hasara!

Wayua ameondoka bila kiatu kimoja, kile cha kushoto cha kanisani. Mwikali anakitafuta boma zima, ati watalazimika kurudi kabla ya Krismasi. Nimemwambia pole.

Kiko chini ya koti langu. Blanketi nimeshalianika.